Mazulia 7 yamerudishwa na hoteli, wasokotaji na fundi wanalaumiana. Wenye vyama vya kusokota na kufuma naombeni ushauri

Mama_Kidonge (Timau)

Wanajamvi hamjambo. Nawaomba wale mnaojua kusokota sufu na kufuma kwa mkono mnisaidie maana nimeshindwa kulala wiki hii.

Sisi ni chama cha akina mama kumi na mmoja huku Timau chini ya Mlima Kenya. Tulianza wanne tu. Zamani tulikuwa tunakutana kila Alhamisi kwenye kibanda, kila mtu na gurudumu lake, yale ya rimu ya baiskeli, mmoja anachana sufu, wengine wanasokota, watoto wanacheza chini ya kitanda cha kufumia, chai inazunguka. Oda zilipoanza kuja tukaona kukutana kunatupotezea muda, basi kila mtu akawa anachukua sufu yake anasokotea nyumbani usiku akishamaliza shamba na ng'ombe, mwisho wa mwezi analeta uzi tunapima kwa mizani analipwa kwa kilo, uzi wote unatupwa kwenye gunia moja, fundi wetu anachomoa tu anafuma.

Sasa hoteli moja ilituagiza mazulia 12 ya kuweka kando ya kitanda. Tukafuma tukapeleka, wiki tatu baadaye yamerudi 7. Pembe zimejikunja juu kama chapati iliyokaukia juani. Moja walilifua likarudi lina kiuno, yaani katikati limejivuta ndani na ncha mbili zimebaki na upana wake. Nimelitandaza mezani nikapitisha kiganja polepole, na kwa kweli mkono unasikia kila kitu, hapa uzi ni mgumu kama kamba ya mbuzi, vidole vinne mbele umevimba laini kama pamba ya godoro, alafu mgumu tena.

Wasokotaji wanasema fundi ndiye amekaza vibaya, fundi anasema hata malaika hawezi kufuma uzi wa namna ile. Wawili wameacha kuja kabisa, na mmoja wao ndiye alinifundisha mimi kusokota mwaka ule nimefiwa na mume wangu, kwa hiyo hili linaniuma kuliko hata pesa ya hoteli. Na vijana nao hawataki kusikia habari za sufu. Nianzie wapi?

Gurudumu_Njoro

Pole sana mama, na usiyachome hayo mazulia wala usiyafumue, hayo ndiyo mwalimu wenu sasa.

Ulichosikia kwa kiganja ndio jibu lenyewe. Uzi mgumu umesokotwa kupita kiasi, na uzi kama huo haukai kimya, unataka kujikunja, ukiufuma ukiwa haujatulia unavuta zulia zima na pembe zinanyanyuka. Ule laini uliovimba una msokoto mdogo, na sufu iliyolegea ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inagandana, nyuzi zinashikana na kusinyaa. Hapo ndipo kiuno kilipotoka. Nina uhakika ukiangalia pale palipojivuta utakuta ni uzi wa mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho.

Fanyeni hivi mkikutana. Kila mtu asokote mbele ya wenzake, uzi ukiwa ndio umetoka kwenye bobini chukua kama urefu wa mkono, shika ncha mbili, alafu zisogeze zikaribiane uone katikati panafanya nini. Ukijizungusha mara nyingi nyingi kama rasta, msokoto umezidi. Ukining'inia tu kama kamba ya kuanikia nguo, umelegea. Kama uzi umekaa siku nyingi umesinzia, utaona umetulia na utadanganyika kwamba uko sawa, kwa hiyo uloweshe kwanza kwenye maji kidogo utaamka utaonyesha tabia yake. Hili la kulowesha nilijifunza baada ya kuharibu sweta mbili.

Jambo la pili muulizane kila mmoja anazungusha gurudumu kwenda upande gani. Usicheke, sisi Njoro tulikaa miezi mingi tukijiuliza mbona zulia lina mistari ambayo hatujaitia, kumbe kuna mama alikuwa anasokota kwenda kushoto na sisi wote kulia. Uzi ni mzuri kabisa, unene ni uleule, lakini ukiuchanganya na wa wengine mwanga unaupiga tofauti na kitambaa kinaonekana kina michirizi.

Swali langu kwako, mnatumia sufu ya kondoo gani? Na uzi ukishasokotwa mnauosha kabla ya kufuma au unaenda kwenye kitanda hivohivo?

Mama_Kidonge (Timau)

Asante sana dada, umenipa moyo. Hatuoshi baada ya kusokota. Tunaosha sufu kabla ya kuchana basi.

Kuhusu kondoo, zamani tulikuwa tunachukua sufu kwa jirani mmoja tu mwenye Corriedale, tulimjua mpaka kondoo wake kwa sura. Siku hizi huku wengi wamehamia Dorper kwa sababu ya nyama, na Dorper hana sufu ya maana ya kusokota, zile nywele zake zinapukutika tu. Kwa hiyo tunaokota popote, hapa gunia la Merino, pale Hampshire, pale mchanganyiko hata mwenyewe hajui ni nini. Tunagawana.

Gurudumu_Njoro

Hapo pia pana shida. Merino ni laini sana na inagandana haraka kuliko hiyo Hampshire, sasa mkiziweka jirani kwenye zulia moja alafu mtu akafua, moja inasinyaa nyingine inabaki. Merino wekeni kando mfumie shali na skafu. Zulia linataka sufu yenye nguvu, Corriedale ni sawa.

Na uzi lazima uoshwe baada ya kusokota. Uzungushe uwe shada, lifunge sehemu nne kwa uzi wa pamba usikaze, lizamishe kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo, liache nusu saa bila kulisugua wala kulikamua kwa kulipindapinda, suuza kwa maji ya joto lilelile, kamulia ndani ya taulo, anika kivulini. Sufu haiogopi maji ya moto, inaogopa kusuguliwa na kushtuliwa, kutoka moto kuingia baridi ghafla. Hapo msokoto unatulia, na kama uzi ulikuwa wa kusinyaa unasinyaa mikononi mwako kabla haujafika kwa mteja.

fundi_mtande (Arusha)

Salaam. Mimi ni mfumaji, nasema kwa upande wa fundi, lakini sitamtetea kwa kila kitu.

Mama Kidonge hicho kiuno usikubali haraka kwamba kimetoka kwenye kufua peke yake. Chukua yale mazulia 5 ambayo hoteli haikurudisha au yale mengine ambayo hayajafuliwa, pima upana juu, katikati na chini. Kama katikati pamepungua hata sentimita 2 bila maji, basi ni mkono wa fundi. Kosa letu kubwa wafumaji ni kuvuta mshindio, yaani ule uzi unaopita kwa upana, ukiwa umenyooka. Ukipitisha mshindio umenyooka kama rula, ukiupiga na kitana hauna pa kupata urefu wa kupanda na kushuka kwenye nyuzi za mtande, zile za urefu zilizofungwa kwenye kitanda, kwa hiyo unavuta kingo ndani. Kila mstari unavuta kidogo tu, huoni, ukija kushtuka umeshafuma nusu mita na upana umeondoka. Dawa yake ni kuuacha mshindio ulegee kama kilima kabla ya kupiga, unaukandamiza kwa kidole sehemu mbili tatu ziwe vilima vidogo vidogo ndio unapiga.

Alafu atengeneze fimbo ya kushikia upana. Mbao mbili nyembamba zinazopishana, ncha zake zina misumari midogo, unaichomeka kwenye kingo za zulia karibu na pale unapofuma, kila baada ya vidole vitatu unaisogeza. Haina gharama.

Na mtande je? Kama mnatumia sufu yenu wenyewe kwa mtande acheni kwa sasa, tumieni uzi wa pamba uliosokotwa nyingi pamoja, mtande ndio mifupa ya zulia, mifupa haitakiwi iwe kumi na moja kila mmoja wa aina yake. Wakati wa kutanda pitisha mkono juu ya nyuzi zote kama unavyopapasa mgongo wa paka, ule uliolegea utausikia tu.

Lakini nakubaliana na fundi wenu kwenye kitu kimoja. Kuchomoa kidonge (donge la uzi) chochote kutoka gunia moja ni kumpa mtihani bila kumpa kalamu. Uzi upangwe. Na hata ukishapangwa, mimi nafuma na vidonge viwili kwa zamu, mstari wa hiki mstari wa kile, tofauti ndogo zinamezana.

Mweka_Hazina

Nimesoma yote mliyoandika na ni ya ukweli lakini hamjagusa pale penyewe. Mama amesema hapo juu ANALIPWA KWA KILO. Hapo ndipo chama kilipovunjikia.

Nawaeleza kwa hesabu. Tuseme mama mmoja anasokota uzi mnene wa haraka haraka, kilo moja kwake ni mita 400. Mwenzake anasokota mwembamba, sawasawa, kilo yake ni mita 700. Huyu wa pili ametumia karibu mara mbili ya muda wa yule, na mwisho wa mwezi wote wanapewa pesa sawa. Baada ya miezi mitatu ana akili gani huyo wa pili aendelee? Anaongeza unene tu. Na yule mwenye sufu ambayo haikuoshwa vizuri, mafuta ya kondoo na mchanga vinampandishia mizani, analipwa kwa uchafu. Kwa hiyo hao mama hawana roho mbaya wala uvivu, mizani ndio iliyowafundisha kusokota vibaya. Na huyo mwalimu wako aliyeondoka nakuhakikishia ni kati ya wale wanaosokota vizuri, ameona hathaminiwi.

Sisi tulibadilisha. Geuza stuli kichwa chini miguu juu, zungushia uzi kwenye miguu minne, pima mzunguko mmoja ni sentimita ngapi. Yetu ni mita 2 kamili kwa sababu fundi seremala alitutengenezea, lakini yoyote inafaa mradi iwe MOJA kwa chama kizima. Mizunguko 50 ni mita 100, hilo ni shada moja. Analipwa kwa shada. Na shada likifika linapimwa, sisi kwa mazulia tunataka mita 100 ziwe kati ya gramu 200 na 240. Likiwa ndani ya hapo analipwa kamili, likiwa nje halitupwi, linaenda kapu la pili la kufumia mito na mifuko, bei inapungua kidogo, na anaambiwa palepale sio baada ya mwezi. Mbele ya watu wote, kwa heshima.

Mwanzoni walilalamika sana, mmoja aliniita mkoloni. Mwezi wa pili walikuwa wanagombania kuona nani amepata gramu 220 kamili.

Gurudumu_Njoro

@Mweka_Hazina umemaliza. Naongeza tu, mpe kila msokotaji kadi ya boksi ngumu yenye sampuli ya uzi mnaoutaka umezungushiwa, aitundike kwenye gurudumu. Anaweka uzi wake juu ya sampuli analinganisha kwa macho. Na rula, unazungushia uzi kwenye rula nyuzi zigusane bila kubanana, unahesabu ndani ya sentimita 5. Uzi wetu wa zulia ni mizunguko 8 hivi. Mama asiyejua kusoma pia anaweza, anahesabu tu.

BintiPate

Mimi sijui sufu, kwetu Lamu nani ana kondoo wa sufu. Lakini mama amesema vijana hawataki, nikaona niseme kidogo.

Mnapokaa na hao vijana waambieni hii kazi si ya kuletewa na wazungu, maana wengi ndivyo wanavyodhani, kwamba gurudumu lilikuja na misheni na kabla yake watu walivaa ngozi tu. Pwani hii wachimbaji wa mambo ya kale wakichimba miji ya zamani, Shanga pale kisiwani Pate, Kilwa, wanakuta vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, ni vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea pamba. Vyungu vilivyovunjika watu walivichonga vikawa vizito vya kuzungushia uzi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba vitambaa vinavyofumwa pale vinapelekwa mpaka Misri. Pate hariri yake ilikuwa na jina, Wareno wenyewe waliitafuta. Na kule Sofala, Msumbiji ya leo, Mreno mmoja Duarte Barbosa miaka ya 1510 aliandika kwamba watu walikuwa wananunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay huko India, WANAVIFUMUA, alafu wanachanganya ule uzi wa buluu na pamba yao nyeupe waliyoisokota wenyewe wanafuma upya wapendavyo. Mimi hicho kisa nikikisoma nasisimka. Mtu anafumua nguo nzima iliyovuka bahari kwa sababu anataka buluu kwenye kazi ya mkono wake.

Alafu karne ya 19 zikaja meli za merikani kutoka Massachusetts, kitambaa cha mashine cha bei rahisi, baadaye cha Uingereza na cha Bombay, na mikono mingi ikaacha. Haikuacha kwa sababu haikujua kazi, ilizidiwa bei. Hao vijana wakilijua hilo watakaa kitako tofauti.

Sokota_Ughaibuni

Habari za huko jamani. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru niko Uingereza, nimejiunga na chama cha wasokotaji na wafumaji wa mji ninaokaa, huku wanaviita gildi. Mafundi wafumaji wa London walikuwa na hati ya mfalme Henry II tangu 1155, lakini hao walikuwa wanalinda biashara yao, mtu asiye mwanachama hafumi. Hizi za sasa ni watu wanaopenda tu kazi, zimeungana chini ya Association of Guilds of Weavers, Spinners and Dyers tangu 1955.

Nimeandika kwa sababu ya kile mama alichosema mwanzo, kwamba waliona kukutana kunapoteza muda. Huku chama KAZI YAKE ni kukutana. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, ukumbi wa kanisa, kila mtu na gurudumu lake ndani ya gari. Asubuhi mtu anafundisha jambo moja dogo, mwezi uliopita tulishinda tunachambua manyoya ya kondoo mmoja tu, tumeyatandaza chini kama ngozi nzima, tunaonyeshwa sufu ya bega ilivyo tofauti na ya paja, na ya pembeni yenye mavi inakatwa inatupwa kwenye mboji. Mchana kuna meza ya kuonyesha, unaleta ulichomaliza na ulichoharibu, na kilichoharibika ndicho watu wanakizunguka kwa muda mrefu zaidi, kila mtu anakishika. Hakuna anayecheka. Chama kina magurudumu mawili ya kuazima, mtu mpya anaenda nalo nyumbani miezi mitatu kabla hajanunua. Wana kabati la vitabu, na daftari nene la sampuli za rangi lenye miandiko ya watu waliokwisha kufa. Kuna siku pia timu inakata kondoo manyoya, inasokota na kufuma sweta likavaliwa jioni hiyohiyo, watu wanakuja kuangalia kama mpira, na watoto ndio wa kwanza.

Najua wengi wa huku hawategemei uzi kulipa karo, ninyi mnategemea, kwa hiyo siwezi kusema mfanye kama wao kila kitu. Ila Alhamisi ile irudini mama. Chai ile na wale watoto chini ya kitanda, pale ndipo mikono yenu ilikuwa inasawazishana bila ninyi kujua, unamuona jirani yako anavyovuta sufu, mguu wako unafuata mguu wake.

mpungate_red (Laikipia)

Kwa vijana jibu langu ni RANGI. Sisi walikuwa hawaji, tulipoanza siku ya kupika rangi wakaanza kuja na simu kupiga picha, baada ya hapo wanne wamebaki wanasokota.

Huku kwetu mpungate (dungusi kakati) umevamia malisho vibaya, mifugo inaumia kwa miiba, wakaleta wale wadudu wanaoufyonza unakauka. Ukiona kwenye mpungate kitu cheupe kama pamba kimeganda, ndio hao. Mpondee mmoja kwenye kiganja uone, damu kabisa, wekundu wa ajabu. Sio wale wadudu wenyewe wa rangi wanaofugwa Mexico na Peru, hawa ni ndugu zao wana rangi kidogo kwa hiyo unahitaji wengi, lakini rangi ni ileile ya asili moja. Unaitanguliza sufu kwenye shabu (alum), gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, unaipasha polepole isichemke kwa nguvu, alafu unaihamishia kwenye maji ya wadudu waliosagwa na kuchujwa. Na shabu unapata waridi mpaka wekundu, ukitia chuma kidogo inaenda zambarau. Chuma kisizidi, sufu inakuwa kavu inakatika. Ila tafadhali msibebe wadudu wazima kupeleka sehemu ambazo watu wamepanda mpungate kama ua wa boma, mtawaulia ua.

Timau mna majani ya mkaratusi bure, yanatoa rangi ya kutu bila hata shabu. Maganda ya kitunguu omba kwa mama wa soko. Ile bangi ya mwitu (sio ya kuvuta, ni Mexican marigold) inayojaa kwenye mahindi inatoa njano nzuri. Manjano ya dukani msitumie kwenye zulia, jua linaila mwezi mmoja imekwisha.

Na rangi itawaonyesha pia ule uzi usiolingana, sehemu yenye mafuta ambayo haikuoshwa inakataa rangi inabaki na madoa. Hakuna wa kubisha hapo, sufuria haina upendeleo.

Mama_Kidonge (Timau)

Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kusema.

Kwanza nilienda mwenyewe kwa yule mwalimu wangu. Sikupeleka maneno mengi, nilibeba lile zulia lenye kiuno nikamwekea mapajani. Alilipapasa akanyamaza muda mrefu, alafu akaweka kidole mahali akasema hapa ni wangu. Na kweli palikuwa pamelala vizuri. Akaniambia mwaka mzima amekuwa akileta kilo 2 wenzake wakileta 5, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. @Mweka_Hazina ulisema kweli tupu, nililia pale. Nimemwomba msamaha kwa niaba ya chama na yule mwingine tulienda kwake pamoja.

Alhamisi tukakutana wote kumi na mmoja. Tulifanya ile ya kulowesha uzi, uzi wa watu watano ulijizungusha kama rasta, wa wanne ulining'inia, wawili ndio uko sawa, na uzi wangu mimi ni kati ya ile iliyojizungusha. Anayezungusha kushoto tumempata pia, ni binti wa mwenyekiti anayetumia mkono wa kushoto, amesema hakuna aliyewahi kumwambia kuna upande. Tumepima mazulia ambayo hayajafuliwa, mawili yamepungua sentimita 3 katikati, fundi ameangalia rula mwenyewe akasema hili ni langu, kesho yake akaja na ile fimbo ya misumari ameshaitengeneza. Baada ya hapo kelele ziliisha zenyewe.

Stuli tumegeuza, mzunguko wetu ni sentimita 160, kwa hiyo shada tumelifanya mizunguko 60 ambayo ni mita 96, tumekubaliana tuite hivyohivyo. Mwalimu ndiye anasokota kadi za sampuli. Merino yote imewekwa kando. Hoteli nimewapigia nikawaambia ukweli, tutafuma 7 mapya, wametupa hadi mwisho wa mwezi ujao.

@BintiPate kile kisa cha kufumua nguo ya buluu nilikisimulia, yule binti wa mkono wa kushoto akauliza kama na sisi tunaweza kufumua yale mazulia yaliyorudi tukatumia uzi wake mzuri. Gurudumu_Njoro ulisema nisiyafumue, lakini tumeshajifunza yote yaliyokuwamo, kwa hiyo jana ameanza, amekaa mlangoni anafumua anapanga vidonge vitatu, mgumu, laini, na wa katikati. Sasa naomba mniambie, huu uzi mgumu uliozidi msokoto ukishafumuliwa, unaweza kupunguzwa kwa kupitishwa kwenye gurudumu kwa upande wa kinyume, au nyuzi mbili ziunganishwe pamoja? Una karibu kilo 3 na sitaki upotee.

Gurudumu_Njoro

Unganisha mbili mbili, kwa kuzungusha gurudumu kinyume na lilivyosokota mwanzo. Ule msokoto uliozidi ndio utakaozishika pamoja, na uzi utatoka wa mviringo, wenye nguvu, haujikunji tena. Kwanza uoshe uamke maana umekaa kwenye zulia umenyooshwa. Utakuwa mnene mara mbili kwa hiyo usiuweke kwenye oda ya hoteli, fumeni zulia moja la kwenu, la kibanda, pale watoto wanapokaa.

Huyo binti msimwambie abadilishe mkono. Mwambieni tu gurudumu liende kulia.